Sarafu za Mpishi wa Meli

4 Machi

Mvua ya kwanza imenyesha jana na imeniangushia mume. Alikuwa juu ya paa la ghala la nafaka, amebakiza bati moja, wingu likamkuta huko huko. Wenzake walimwambia ashuke. Akawajibu, "Nimalizie hii moja tu." Hiyo moja tu ndiyo iliyomvunja paja.

Naandika kwenye daftari langu la vipimo vya wateja, nimeligeuza nyuma mbele. Miaka kumi na tano ya cherehani imenizoesha hivyo: nisichokiandika hupotea, na siku hizi kichwa changu hakishiki hata kiuno cha mtu.

Hospitalini mguu wameuning'iniza kwa kamba na mawe ya uzito. Daktari amenichorea mfupa kwenye kipande cha karatasi, vipande viwili vimepandana kama watu wanaogombania kiti. Anahitaji chuma kirefu cha kupenyezwa ndani ya mfupa, na chuma hicho tunanunua sisi. Bei amenitajia. Siiandiki.

"Wiki tano," akasema. "Zikipita, mfupa utashikana hivyo hivyo ulivyolala. Atakuwa mtu wa magongo."

Fundi wa mapaa wa magongo. Sijawahi kumwona.

5 Machi

Mvua. Nimeshona vifungo tu.

7 Machi

Nilikuwa nimeshapata mtu wa kununua cherehani. Mama mkwe, ambaye anaishi nasi tangu afiwe, akanisikia napatana naye mlangoni. Alingoja mteja aondoke.

"Ukiuza cherehani utakula nini? Uzi?"

Akaingia chumbani kwake, akatoka na kopo la zamani la maziwa ya unga, kifuniko kimekula kutu. Akalimwaga mezani. Sarafu, nzito, nyeusi kama masizi ya sufuria.

Ni za baba yake. Alikuwa mpishi wa meli, na kila bandari aliposhuka alibakiza sarafu moja ya fedha mfukoni. Baadaye nyumbani ndipo zilipoharibiwa. Nyingine zilitobolewa wasichana wavae shingoni, kaka yake mmoja akazigonga nyundo aone kama fedha inalainika, nyingine zilizibwa matundu tena kwa lehemu. Thelathini na nane ziko huru. Tano za chini zimegandana bonge moja kwa kutu ya kopo na kitu kama nta.

"Mama, hizi ni kumbukumbu yako," nikamwambia.

"Kumbukumbu yangu imelala hospitali, mguu juu. Chukua."

8 Machi

Nimezisugua leo kwa majivu, ndimu na waya wa sufuria, tangu asubuhi hadi adhuhuri. Vidole vimechubuka. Zinang'aa kama meno ya mtoto. Bonge limenishinda, nimelirudisha koponi. Tangu aanguke leo ndiyo mara ya kwanza nimekula nikashiba.

10 Machi

Sonara amezipitisha sumaku kwanza. Tatu zikaruka zikanasa. Akachukua tupa, akazikwangua ukingoni zilizobaki, na tatu nyingine zikatoa wekundu wa shaba.

"Sita si fedha," akasema. "Hizi thelathini na mbili nanunua kwa uzito."

"Huangalii picha wala mwaka?"

"Mimi nayeyusha, dada. Mfalme, malkia, tai wa vichwa viwili, kwangu wote wanakuwa uji."

Kwa uzito ni theluthi ya bei ya chuma. Nimezirudisha kwenye mfuko. Nilipofika mlangoni akaniita, nikadhani anapandisha bei. Kumbe ananielekeza.

"Kama unataka mtu wa kuzisoma, nenda nyuma ya soko la nguo kwa fundi saa. Yule hayeyushi. Yule anasoma mpaka anasahau kula."

11 Machi

Kibanda cha fundi saa upana wake ni mlango na nusu. Watu wanamwita Bwana Subiri, kwa kuwa hakuna saa aliyowahi kuitajia siku ya kuwa tayari. Mzee mwembamba, shati limefungwa mpaka kifungo cha shingo. Nikamwamkia, nikamweleza habari ya mguu na bei ya chuma, nikamwaga sarafu juu ya kitambaa chake. Akabana kioo cha kukuzia jichoni, akachukua ya kwanza, ya pili, ya tatu. Akaziweka chini zote tatu polepole mno, kama mtu anayeweka kikombe kilichopasuka.

"Nani kaziosha?"

"Mimi, mzee. Majivu na ndimu."

"Na waya?"

"Na waya."

Akakitoa kioo jichoni. "Mama, ule weusi haukuwa uchafu. Ndiyo ngozi yake. Sarafu hukaa miaka mia kuiotesha, na wanaokusanya hulipia ngozi hiyo kuliko fedha yenyewe. Wewe umezichuna."

Nikamuuliza nimepoteza kiasi gani. Akasema nisiulize. Nikauliza tena.

"Hizi mbili," akazisogeza kwa ncha ya kidole, "zingekununulia nusu ya hicho chuma. Sasa ni za kuyeyushwa tu, kama nyingine."

Nilitoka nje nikasimama mvuani. Sikulia. Nilikuwa naziangalia kucha zangu, bado zina majivu. Nusu ya mguu wa mume wangu nimeisugua mwenyewe, kwa mikono hii, huku naimba.

Baadaye nikarudi ndani nikampa bonge. Akaligeuza kwenye mwanga, uso ukabadilika.

"Hili hukuligusa?"

"Lilinishinda."

"Basi uvivu nao una siku yake." Akanieleza atalilowesha kwenye mafuta mepesi mpaka ziachane zenyewe. Akilazimisha, zitang'oka na ngozi.

"Siku ngapi?"

"Subiri."

"Mzee, mimi siwezi kusubiri."

Akanitazama kama ndiyo kwanza ananiona. "Kumi," akasema. Nadhani hajawahi kumtajia mtu siku.

13 Machi

Hospitali. Mume wangu anasema nimepungua. Nikamwambia yeye alale tu, mimi ndiye napungua kwa niaba yetu. Amehesabu bati nne za paa la wodi zilizopigwa vibaya. "Nikitoka nitawarekebishia," akasema, kisha akageuza uso ukutani.

Dada yake alikuwepo. Wifi yangu anauza mikoba na ulimi wake haujawahi kuwa na pindo. Alitaka kujua bonge liko wapi.

"Kwa fundi saa."

"Kakupa karatasi?"

"Hapana."

"Mali ya babu yetu umempa mtu asiye ndugu wala jirani, bila karatasi. Wewe wifi unashona nguo au unashona akili?"

Yeye ana mnunuzi wake, mtu anayenunua vitu vya kale kwa mafungu na kulipa papo hapo. Nikamjibu tusubiri. Neno hilo limeshaniingia mdomoni.

16 Machi

Mvua. Maji yameingia mpaka chini ya cherehani.

18 Machi

Nimepita kuangalia bonge. Limo kwenye bakuli, limeachia pembe moja. Bwana Subiri alikuwa hana mteja, akanifundisha kwa zile nilizoziharibu. Kwanza uzito, kwa sababu mwongo huwa mwepesi. Kisha ukingo, meno yake yawe sawa mduara mzima. Kisha uiweke kwenye ncha ya kidole na kuigonga kwa nyingine. Ya fedha huimba na kukawia, ya bandia husema neno moja tu ikanyamaza. Mwisho mwaka, na alama ndogo ya mahali ilipopigwa, ambayo wengi hawaioni kwa kuwa imejificha chini ya shingo ya mfalme.

"Uchakavu nao una vyeo," akasema. "Hii nywele zake bado zinahesabika. Huyu amekuwa kipara. Huyu hana hata pua. Lakini mwaka ukiwa wa nadra, hata asiye na pua ana mchumba."

Nimezipima zote, nimeandika mwaka na uzito wa kila moja kwenye ukurasa wenye kipimo cha mabega ya mwalimu mkuu, mteja wangu. Kwa saa mbili nilisahau kuogopa. Nilipotoka nikaona aibu, kama niliyecheka msibani.

22 Machi

Zimeachana. Nne ni za kawaida, nyeusi na nzuri, zina thamani kidogo juu ya uzito wake. Ya tano ina mwanamke mwenye shela kichwani. Imetobolewa juu ya shela, tundu likazibwa kwa lehemu, na pembeni ina kovu la nyundo. Kovu hilo limekanyaga tarakimu ya mwisho ya mwaka.

Bwana Subiri alinipa kioo. "Unaona moja au saba?"

Nilitazama mpaka jicho likatoa machozi. Naona kijiti. Kama kina kofia, kofia iko chini ya kovu.

"Ikiwa saba, ni ya kawaida," akasema. "Ikiwa moja, mwaka ule zilipigwa chache, na nyingi ziliyeyushwa. Hata hivi ilivyo na tundu lake, inakupa zaidi ya nusu ya chuma."

"Na ingekuwa nzima?"

"Ingekuwa nzima isingekuwa ndani ya kopo la maziwa."

Ataipiga picha amtumie mkusanyaji wa sarafu anayemjua, aliye mji wa pili kutoka hapa. Nimemwachia zote tano.

26 Machi

Mkusanyaji amejibu: picha haisemi, anataka kuishika. Daktari naye amenikumbusha siku, kana kwamba nimezisahau. Zimebaki kumi na mbili. Mgongo wa mume wangu umefanya kidonda kwa kulalia upande mmoja. Leo hakuhesabu bati.

29 Machi

Kibanda kimefungwa.

30 Machi

Kimefungwa. Simu yake haipatikani.

31 Machi

Asubuhi nilikwenda tena na wifi. Kufuli. Tukaenda chumbani anakopanga, mwenye nyumba akasema aliondoka alfajiri ya juzi na mfuko, hakuaga. Wifi hakusema "nilikuambia." Alinishika kiwiko tu, na huko kunishika ndiko kulikonichoma.

Nikarudi pale kibandani. Ilikuwa saa ya watu kununua nguo, njia imejaa. Nikaupiga mlango wake ngumi mpaka kinyozi wa jirani akatoka na mashine mkononi.

"Vipi, mama?"

"Mwizi," nikasema. Nilisema hivyo kwa sauti ambayo sikuijua kuwa ninayo. "Huyu mzee wenu ni mwizi. Ameondoka na fedha ya mgonjwa. Mwenye saa yake humu ndani na aiokoe sasa hivi, kesho hataikuta."

Watu walisimama. Mwanamke mmoja akasema saa ya marehemu mumewe imo humo mwezi wa tatu sasa. Mwingine akasema ya kwake inatimiza mwaka. Kinyozi alikuwa na ufunguo wa akiba aliopewa kwa ajili ya moto au mvua. Alikataa kuutoa, wakamzingira, akautoa. Waliingia wakachukua saa moja moja, kila mtu na yake, na mimi nimesimama mlangoni kama askari, nahakikisha hakuna anayechukua ya mwenziwe. Kumi na tisa. Rafu ikabaki misumari.

Wakati ule niliona nimetenda haki.

1 Aprili

Mnunuzi wa wifi amekuja nyumbani. Hakubana kioo jichoni wala hakugonga moja kwa nyingine. Amezichukua thelathini na mbili kwa nusu ya chuma. Nilimwonyesha na zile sita za bandia nikamwambia ni za bandia, akacheka akaziacha.

Nilijua anapata faida, maana nimezipima mwenyewe. Nilijua pia imebaki wiki. Mama mkwe hakutaka kuziona zikitoka. Alikaa jikoni anachambua mchele ambao nilikwisha kuuchambua.

3 Aprili

Wifi ameuza kitanda chake na redio. Hakuniambia, nimeambiwa na jirani yake. Tangu mwezi uliopita yeye ndiye anayemgeuza kaka yake kila saa, na usiku analala chini ya kitanda cha wodi ili mimi nishone. Nilikuwa namwona mtu wa faida. Sijui nilikuwa naangalia wapi.

Bado hatujafika. Chuma hakiuzwi nusu na robo.

5 Aprili

Mvua kubwa. Wanasema daraja la barabara kuu, ile ya kwenda mji wa mkusanyaji, limekwenda na maji tangu tarehe ishirini na tisa, na magari yamelala upande wa pili. Nililisikia hilo nikiwa napiga pasi. Nikaendelea kupiga pasi. Nikaunguza kola.

6 Aprili

Amekuja.

Ilikuwa asubuhi, mvua imepumua kidogo. Mama mkwe alifungua mlango, akamkaribisha, na mimi nikasikia sauti ya Bwana Subiri kabla sijamwona. Suruali ina tope mpaka magotini, viatu ameshika mkononi. Alikataa kiti kwa sababu ya tope. Akakaa kwenye ndoo niliyoigeuza.

"Nilidhani ningerudi jioni ile ile," akasema. "Ndiyo maana sikuaga. Tulipovuka kwenda, daraja lilikuwepo. Simu ililowa siku ya kwanza. Mwishowe nimepanda mtumbwi wa wavusha watu, halafu nikatembea."

Akafungua kitambaa. Sarafu nne nyeusi, na bahasha.

"Ni moja," akasema. "Si saba. Mkusanyaji aliiweka chini ya taa yake akaizungusha nusu saa. Kasoma alama ya chini ya mabega, ile ya mwaka huo tu. Alitaka kunikata kwa ajili ya tundu, nikamwambia tundu umeliona kwenye picha, usilishangae leo. Tukabishana siku mbili, mvua ilitupa nafasi. Hesabu."

Sikuweza kuhesabu. Mama mkwe ndiye aliyehesabu. Ukijumlisha na tuliyo nayo, ilitosha chuma na akabaki na chenji mkononi.

Hapo ndipo nilipopiga magoti. Nikamwambia, "Mzee, umepita kibandani?"

"Nimepita."

"Ni mimi."

"Najua. Kinyozi kanieleza. Analia yule, mtu mzima."

"Chukua sehemu yako humo. Chukua unayotaka."

"Nauli nilishaikata. Niliandika kwenye bahasha." Akaanza kuvaa viatu, kidole kimoja kimoja. "Miaka thelathini na moja nakaa pale. Watu wananiita jina lile kwa mzaha, na bado wananiachia saa za marehemu wao. Mimi sitaki pesa yako. Wewe ulisema kwa sauti. Nenda kaseme kwa sauti ile ile."

Akamshukuru mama mkwe kwa maji ya kunywa, akaondoka. Mimi hakuniaga.

7 Aprili

Chuma kimelipiwa. Lakini kinatoka ng'ambo ya daraja.

10 Aprili

Kimefika, kimevushwa kwa mtumbwi.

11 Aprili

Mume wangu amekaa chumba cha upasuaji muda wa saa nne na nusu. Mama mkwe, wifi na mimi kwenye benchi moja. Daktari alitoka amelowa jasho. Mfupa ulikuwa umekwisha anza kushikana, ikabidi waubomoe upya kabla ya kupenyeza chuma. Mguu utakuwa mfupi kwa vidole viwili.

"Atatembea?" wifi akauliza.

"Atatembea. Kupanda paa, hapana."

Nimehesabu siku. Daktari alisema wiki tano, tumeingia ya sita. Ningeziacha zile mbili na weusi wake, chuma kingenunuliwa mwezi wa tatu, bado anapanda ngazi. Hili sijamwambia mtu. Nimeliambia daftari.

14 Aprili

Nimemwambia mume wangu. Yote, majivu na kibanda. Nilidhani atasema ni sawa, wala hakusema. Alisema, "Yule mzee umeshamwendea?"

"Bado."

"Sasa unasubiri nini hapa?"

17 Aprili

Nimekwenda saa ile ile ya watu kununua nguo. Siku tatu nilikuwa nafika mpaka kona na kugeuka. Kibanda kiko wazi. Bwana Subiri ameinamia saa moja, na nadhani ni ya kwake mwenyewe, kwa sababu rafuni hakuna kitu.

Nikasimama pale pale mlangoni, nikageukia njia. Sauti ya kwanza haikutoka. Ya pili ikatoka kubwa kuliko nilivyotaka.

"Mimi ndiye niliyesema mzee huyu ni mwizi. Nilisema uongo. Alivuka maji kwa ajili ya mgonjwa wangu, akarudi na kila kitu, mpaka nauli ameandika. Mwizi hapa nilikuwa mimi. Nimemwibia wateja kumi na tisa."

Kinyozi alizima mashine. Watu wachache walisimama, wengine walipita na mizigo yao. Yule mjane alikuwepo, mkoba kifuani.

"Sasa tukuamini lini?" akaniuliza. "Siku ile au leo?"

"Siku ile sikuwa na ushahidi, nilikuwa na hofu tu. Leo mume wangu ana chuma mguuni. Nenda kamwone, wodi ya pili kushoto."

Alifungua mkoba, akatoa saa iliyofungwa kwenye leso. Akanipita mlangoni bila kunigusa, akaiweka mezani kwa mzee.

"Ilikuwa imebakia nini?" akamuuliza.

"Springi tu. Subiri."

Mpaka kibanda kinafungwa zimerudi tatu. Majina ya kumi na sita ninayo, kinyozi amenitajia na mitaa yao. Kesho naanza na wa karibu, mlango kwa mlango. Kabla sijaondoka niliingia kumuaga mzee. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi. Hakuinua kichwa.

"Sogea kidogo, mama," akasema. "Umenizibia mwanga."

Nikasogea.